Ursula von der Leyen na jina la baba yake

Umeuliza iwapo Ursula von der Leyen, mwanasiasa wa Ujerumani, alibebwa na jina la baba yake, Ernst Albrecht, aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Niedersachsen kuanzia 1976 hadi 1990. Kwa maoni yangu, jina lilimfungulia mlango, lakini halielezi yote. Kwanza lilimletea hatari: mwaka 1978, familia ilipohofia magaidi wa mrengo wa kushoto, alikwenda kusoma London kwa jina la bandia, Rose Ladson. Baadaye alisomea udaktari mjini Hannover, akazaa watoto saba, na hakupata uwaziri wa jimbo hadi 2003, baba yake akiwa ameondoka madarakani miaka 13 nyuma.

Kazi yake ninayoithamini zaidi ni ya Wizara ya Familia katika serikali ya taifa ya Ujerumani, ambako alisimamia posho ya wazazi iliyoanza 2007, yenye miezi miwili ya ziada iwapo mzazi wa pili naye atapumzika kazini kulea, jambo lililowaudhi wahafidhina wa chama chake mwenyewe, CDU. Baadaye aliongoza Wizara ya Kazi, kisha ya Ulinzi, na tangu Desemba 2019 anaongoza Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya.