Maswali ya Wasomaji: Picha za Watu Mjini Wakati wa Baridi Kali

SWALI: Naishi Minneapolis, Marekani. Januari nitawapiga picha wachumba wawili Wakenya katikati ya mji. Kwenye theluji nyuso zao hutoka nyeusi tii, na theluji yenyewe hutoka ya kijivu. Betri nayo huisha upesi. Shida ni kamera?

JIBU: Kamera ni nzima. Kipimamwanga chake huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha kati. Theluji ikijaa kwenye picha, kinaona mwanga umezidi na kuupunguza, kwa hiyo nyuso zinazama gizani. Tumia kitufe chenye alama ya +/- uongeze kati ya stopu 1 na 1⅔ (stopu ni hatua ya mwanga: kuongeza moja ni kuuzidisha mara mbili, kupunguza moja ni kuugawa nusu). Njia ya uhakika zaidi ni kupima eneo dogo tu, yaani shavu lililoelekea mwanga, kisha kufunga kipimo hicho. Ngozi ikiwa nyeusi sana, punguza kama stopu 1 kutoka hapo, kwa sababu kamera itataka kuifanya ya kijivu na itapauka. Theluji ya nyuma ikipoteza alama zake kidogo, iache. Watu ndio picha.

Jua la katikati ya Januari huko halipandi zaidi ya nyuzi 24 hivi hata adhuhuri, na huzama karibu saa kumi na moja jioni. Majengo marefu huzitia barabara kivulini karibu mchana kutwa, na kivuli hicho ni cha buluu. Weka rangi ya mwanga (white balance) kwenye 7000 K (Kelvin) hivi ili picha ipate joto, upige RAW, yaani faili ghafi ambalo rangi zake hurekebishika baadaye. Tafuta mahali ambapo ukuta wa vioo ng'ambo ya barabara unarudisha jua, au nenda ukingo wa mto Mississippi ambako anga iko wazi. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde: mtu anayetetemeka hutoa picha yenye ukungu hata mkono wako ukiwa imara.

Betri za lithiamu hudhoofika zikipoa ingawa chaji bado imo. Weka mbili za akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, ukibadilishana nazo. Iliyozima ikipata joto mara nyingi huamka tena.

SWALI: Nikiingia ndani lenzi hujaa ukungu. Niifute?

JIBU: Usiifute, na usiivue. Unyevu wa hewa ya ndani unageuka matone juu ya chombo baridi, na ukivua lenzi unaukaribisha hadi kwenye kihisio, sehemu inayonasa picha. Ukiwa bado nje, toa kadi, kisha funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Ifungue baada ya saa moja au mbili, ikishapata joto la chumba. Wenzako wakiingia kupumzika kwenye Skyway, zile njia za juu zilizozibwa kwa vioo zinazounganisha majengo ya katikati ya Minneapolis, kamera ibaki kwenye mfuko wake, baridi vilevile. Hapo ndipo wengi huharibu kazi: huingia nayo, hutoka nayo, na ule unyevu hugeuka barafu kwenye kioo.

SWALI: Wanaopigwa picha hutoa machozi na midomo hupauka. Nifanyeje?

JIBU: Panga mikao yote ndani kabla ya kutoka. Nje wavae makoti hadi dakika ya mwisho, wapigwe picha dakika tano hivi, kisha warudi kwenye joto. Waupe upepo mgongo, maana ndio unaotoa machozi. Mafuta mazito kama vaselini huzuia ngozi kupauka, lakini paka kidogo, yasije yakang'aa. Vifuko vya unga wa chuma vinavyojipasha joto vifungueni robo saa mapema, mviweke juu ya soksi au ndani ya glavu, visiguse ngozi moja kwa moja. Bibi harusi avae buti chini ya gauni, hazionekani.

Pumzi ikifunika uso, mwambie atoe hewa yote, subiri mvuke upite, ndipo ubonyeze. Vidole au masikio yakifa ganzi, acheni kupiga hapohapo mwingie ndani, na msiyasugue.