Mwanahisa, Uliza Mikopo Iko Wapi Kabla ya Kuuliza Nchi Inakwenda Wapi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa mwalimu mmoja kijana wa Nachingwea, ambaye alianza kwa shikamoo mama, akaendelea kunieleza kuwa amenunua hisa za benki kwa fedha za korosho za baba yake, na akamalizia kwa swali lililonifanya niandike makala hii. Katika kundi lao la WhatsApp la wanahisa wadogo, anasema, mazungumzo yamegeuka kuwa siasa tupu: mmoja anatoa mfano wa Uingereza ilivyojitoa katika Umoja wa Ulaya, mwingine anazisifu Mali, Burkina Faso na Niger kwa kuiacha ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, wa tatu anadai kuwa Tanzania nayo haipati kitu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na iko siku itatoka, na wote watatu wanakubaliana kwamba hisa za benki ziuzwe mapema. Amenitumia pia, tena mara mbili, sauti ya dakika kumi na moja ya mchambuzi asiye na jina. "Mama, niuze au nikae?" ndivyo alivyouliza.

Mjadala wa namna hiyo niliwahi kukaa ndani yake, tena ukumbini, kipaza sauti kikiwa mkononi mwangu, na nilitoka humo na jibu ambalo wanaume wenye hisa nyingi mara mia kuliko zangu hawakulipata. Kwa hiyo naomba nivumiliwe nikisimulia kwanza.

Kwa miaka mingi nilikuwa mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho katika Wilaya ya Masasi, na hisa zangu nilizipata wakati benki yetu ilipouza hisa kwa umma. Habari za fomu, vitambulisho na dalali nazipita, kwa kuwa dalali yeyote atakueleza. Kilichonisumbua ni kwamba kila mwaka nilikuwa nikipokea gawio, yaani sehemu yangu ya faida ya benki, nikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na sikujua fedha hiyo ilikuwa imetoka kwa mkopaji gani. Mtu aliyezoea daftari la chama, ambamo kila gunia lina jina la mwenyewe, hawezi kulala vizuri kwa hali hiyo.

Mwaka 2013 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda walikutana mara kadhaa bila ya Tanzania, wakapanga mambo ya reli, bomba la mafuta na viza moja ya watalii. Maneno ya kutengwa yakaenea nchi nzima, baadhi ya watu wakataka tujitoe kabla hatujatolewa, na mwezi Novemba Rais Kikwete akalihutubia Bunge na kueleza kuwa Tanzania haitoki. Sisi wa Kusini tulikuwa na yetu mwaka huohuo, maana mwezi Mei Mtwara ilikuwa imewaka kwa sababu ya gesi, na mambo ya Kigali na Nairobi tuliyasikia kwa mbali. Lakini katika mkutano mkuu wa wanahisa uliofuata, ambamo kulikuwa na pendekezo la kufungua kampuni tanzu, yaani kampuni inayomilikiwa na benki yetu, katika nchi jirani, yalitufikia karibu kabisa.

Sehemu kubwa ya asubuhi ilikwisha kwa hotuba. Mwanahisa mmoja, mfanyabiashara kwa jinsi alivyovaa na alivyozungumza, alisema kuwa kupeleka mtaji wetu kwa majirani wanaotutenga ni kukosa uzalendo. Mwingine akamjibu kuwa asiyetaka ujirani arudi kwenye duka la kaya, lile la mgao wa miaka ya uhaba. Mzee mmoja, aliyejitambulisha kuwa alifanya kazi katika reli ya Jumuiya ya kwanza hadi ilipovunjika mwaka 1977, alisimulia jinsi mpaka wetu na Kenya ulivyofungwa hadi mwaka 1983, na alisimulia kwa uchungu ambao sitaudharau. Lakini nilikuwa nikisikiliza kama mhasibu, na katika maneno yote hayo hakuna aliyetaja mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya benki. Hakuna hata aliyekumbusha kuwa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967, iliendelea kuishi baada ya Jumuiya iliyoizaa kufa, na makao yake makuu yako Kampala mpaka leo.

Nilinyoosha mkono. Kipaza sauti kiliponifikia, nikauliza hivi: katika kila shilingi mia tulizokopesha, ni ngapi ziko kwa wakopaji ambao bidhaa zao lazima zivuke mpaka wa Jumuiya ndipo walipe? Nikaongeza la pili: je, mikopo hiyo ni ya shilingi au ya dola, na dhamana zake ziko nchi gani?

Mwenyekiti wa bodi alitabasamu, akasema kwa upole wa kuniumiza kwamba mama wa korosho atulie, maana Jumuiya haili korosho. Ukumbi ukacheka. Hata wale waliokuwa wakigombana tangu asubuhi walicheka kwa pamoja, na nadhani hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile. Nimeshasamehe, lakini sijasahau, na wala sioni haya kusema hivyo. Sikuketi. Nilimweleza kuwa ni kweli Jumuiya haili korosho, na ndiyo sababu nimeuliza, kwa maana korosho zetu ghafi huenda zaidi India na Vietnam, ambazo hazimo katika Jumuiya wala katika SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na kama mikopo mingi iko kwenye mazao ya aina hiyo, basi ugomvi wote wa asubuhi haugusi gawio la mtu yeyote aliyemo ukumbini. Kicheko kilikatika. Mkurugenzi wa fedha akaomba ajibu kwa maandishi, na baada ya majuma kadhaa barua ilinifikia Masasi. Tarakimu zake sizitoi, kwa kuwa niliandikiwa mimi, ila naweza kusema kuwa sehemu iliyotegemea mpaka wa Jumuiya ilikuwa ndogo kiasi cha kumwaibisha kila aliyepiga kelele. Hisa zangu sikuziuza.

Sasa tuje kwenye mifano inayozungushwa katika kundi la mwalimu wangu, kwa kuwa inatajwa sana bila kutazamwa. Waingereza walipiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, na asilimia 51.9 wakataka kutoka. Kesho yake hisa za benki zao mbili kubwa, Barclays na Lloyds, zilipoteza takriban moja ya tano ya thamani yake. Hapa ndipo penye somo. Lloyds ni benki ambayo biashara yake karibu yote iko Uingereza kwenyewe, na mtu angetegemea kuwa benki isiyovuka mpaka isingeumia kwa kufungwa kwa mpaka, lakini iliumia vibaya, kwa sababu wanahisa waliwaogopea wakopaji wake wa nyumba na wa biashara za ndani, na pia waliogopa riba kushushwa, jambo ambalo Benki Kuu ya Uingereza ilikuja kulifanya mwezi Agosti ilipoishusha hadi asilimia 0.25. HSBC, benki nyingine ambayo makao yake yako London lakini faida yake kubwa hutoka Asia, siku ileile ilishuka kidogo tu. Anwani ya makao makuu haikumwambia mtu lolote. Alikopeshwa nani, na anaishi kwa kipato gani, hayo ndiyo yaliyoamua.

Tazama pia kuwa kati ya kura na kuondoka kulikuwa na miaka. Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha mwisho wa mwaka huo. Benki za London, ambazo zilikuwa zikifanya kazi katika nchi zote za Umoja kwa leseni moja, zilijua kuwa leseni hiyo itakufa, zikafungua au kukuza kampuni tanzu Dublin, Frankfurt na Paris. Barclays ilipata ruhusa ya mahakama mwanzoni mwa mwaka 2019 ya kuhamishia Ireland biashara ya yuro bilioni 190. Mwanahisa aliyeuza kwa hofu siku ya kwanza hakukaa kuona hata moja ya kazi hizo.

Mfano wa Afrika Magharibi nao husimuliwa kinyume. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa ECOWAS mwezi Januari 2024, zikatoka mwezi Januari 2025, lakini hazikutoka katika umoja wa fedha wa faranga ya CFA, na benki zake bado ziko chini ya Benki Kuu ileile yenye makao Dakar. Dhoruba kubwa ya fedha iliipata Niger mapema zaidi, mwaka 2023, ilipowekewa vikwazo baada ya mapinduzi ya Julai, ikazuiwa kufikia fedha zake na kushindwa kulipa madeni yake katika soko la ukanda huo. Wakati huo ilikuwa bado mwanachama. Anayekuambia kuwa hatari huanza siku ya kutoka hajasoma kalenda.

Na sisi? Mkataba wa Jumuiya yetu, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataka nchi inayojitoa ipate azimio la Bunge lake kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Kujitoa hakufanyiki usiku mmoja. Tena tumewahi kutoka katika umoja wa biashara: Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, ikabaki SADC, na Msumbiji ilikuwa imetangulia kutoka mwaka 1997. Wangapi katika kundi lako, mwanangu, wanaikumbuka siku hiyo? Kwa mfanyabiashara wa Mtwara anayevuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Msumbiji ni jirani kwa njia ya SADC, na kilichomrudisha nyuma zaidi ni vita vya Cabo Delgado tangu mwaka 2017, wala si saini ya mtu Arusha.

Nikwambie siasa iliyonitoa jasho mimi kama mwanahisa wa Kusini. Ni ya Novemba 2018, pale wanunuzi binafsi walipokataa kupandisha bei mnadani, na Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Sisemi kwamba ilikuwa haki au si haki, kwa kuwa mkulima aliyeahidiwa 3,300 alikuwa na sababu ya kufurahi. Nasema tu kuwa siku ile nilichukua daftari na kujiuliza ni nani aliyekopeshwa kwa kutegemea mnada wa stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kuweka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri mnada, tuliouanza hapa Mtwara mwaka 2007: vyama, wasafirishaji, wenye maghala, wauza salfa ya kupulizia mikorosho, na wafanyabiashara wa magunia. Msururu wote huo hulipa benki pale korosho inapouzwa na fedha kupita akaunti, na fedha ikichelewa kwa msimu mmoja, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, hujitokeza katika matawi ya Kusini kabla mtu wa Dar es Salaam hajaiona. Katika mkutano uliofuata walisimama wasemaji wengi, wakazungumzia China, Marekani na utandawazi. Kuhusu ghala la Masasi niliuliza mimi peke yangu. Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana nawasihi vijana wenye hisa, na hapa nitasema kama mzazi: acheni uvivu wa kusoma. Benki zetu zinalazimika kuchapisha taarifa za fedha gazetini kila robo ya mwaka, na taarifa ya mwaka ina kurasa zinazogawa mikopo kwa sekta na kwa sarafu. Zisomeni kurasa hizo. Mtu anayeweza kusikiliza sauti ya dakika kumi na moja ya mchambuzi asiye na jina anaweza pia kusoma kurasa nne za tarakimu, na kama tarakimu zinamtisha, awaombe wahasibu wa vyama vya msingi, ambao wamejaa katika kila kata ya mikoa hii na hawana kiburi. Kisha mwende mkutanoni na swali lililoandikwa. Usipoweza kusafiri, jaza fomu ya uwakilishi na umpe mwakilishi wako swali hilo, asije akakaa kimya na kula chakula cha mchana. Siasa ina nafasi yake katika mkutano wa wanahisa, sikatai, lakini anayeileta aioneshe ndani ya mikopo, leseni au sarafu, na kama haionekani humo, akaihutubie mahali pengine. Nimesema hivi kwa miaka mingi na nitaendelea kusema, kwa kuwa kila mwaka naona kizazi kipya cha wasemaji wanaojua majina ya marais wote na hawajui ni asilimia ngapi ya mikopo ya benki yao haijalipwa.

Kwa mwalimu wangu wa Nachingwea: hisa ulizonunua kwa fedha za baba yako usiziuze kwa sababu ya Uingereza, wala kwa sababu ya Niger. Kachukue taarifa ya mwaka katika tawi lililo karibu nawe, utazame mikopo ya kilimo, mikopo ya fedha za kigeni, na biashara ya kampuni tanzu zilizo nje ya nchi kama zipo, kisha unitumie ulichoandika kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona kuwa sehemu kubwa ya mikopo inategemea bidhaa zinazovuka mpaka wa Namanga, au ni ya dola kwa watu wanaopata shilingi, hapo tutazungumza habari ya kupunguza. Hata tukifika huko, utauza kidogo kidogo kupitia dalali kwa bei uliyoitaja wewe, si kwa bei yoyote itakayokutwa sokoni asubuhi hiyo. Na ile sauti ya mchambuzi uliyonitumia mara mbili, tafadhali usinitumie tena.