Mbona hata seli za watu wenye afya zimewaka?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Iringa, nafanya utafiti wa masters juu ya neutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu. Damu naichukua Mafinga asubuhi, naisafirisha kwenye barafu, naitenganisha kwa Ficoll (kimiminika kizito cha kutenga seli kwa uzito wake), halafu chembe nyekundu nazipasua kwa maji. Sasa seli za watu wenye afya zimewaka, yaani zimeamka kama zinapigana, sawasawa na za wagonjwa. Mwenzangu kanishauri nitafute watu wengine wa kulinganisha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Tafuta hata watu mia, watawaka wote mia, maana anayeziwasha ni wewe mwenyewe.

Hili naulizwa kila mara hapa Mbeya na kinachonichosha ni ile imani kwamba seli ni seli tu, ukishazitoa kwenye damu zinabaki kama zilivyokuwa. Neutrofili ni nyuki bwana, huwezi kutikisa mzinga halafu ukaja kupima hasira yao! Umezipoza kwenye barafu, umezizungusha, umezimwagia maji zikavimba, ukazipasha mpaka nyuzi 37, na hiyo safari ya baridi kwenda joto peke yake inatosha kupandisha CD11b juu ya seli, na CD62L inakatika inadondoka (hizi ni protini za juu ya seli, ndizo alama za kuwaka). Halafu unaandika eti ugonjwa.

Damu usiipeleke kwenye barafu, iache kwenye joto la kawaida na uifanyie kazi mapema, hizi seli hazina maisha marefu, kwenye mzunguko ni saa chache tu. Ukiweza tumia seti ya vifaa (kit) ya sumaku, inayotumia antibodi, yaani protini za kushika seli, kukamata seli zile zingine na kuacha neutrofili bila kuguswa, kwa sababu antibodi ikikaa juu ya seli unayoitaka nayo inaweza kuiamsha. Na hiki watu wengi wanaruka: kabla hujatenganisha chochote, toa tone la damu nzima, pima CD62L na CD11b hapohapo, kisha linganisha na baada ya kutenganisha. Hapo utajua mikono yako imefanya nini.

(Mwezi wa saba kuwa makini zaidi. Ficoll ya 1.077, yaani gramu kwa kila mililita, imepimwa kwa nyuzi 20, na maabara zetu huku asubuhi ni za kuvaa sweta mbili, ikipoa inakuwa nzito na granulosaiti (kundi la neutrofili) zinabaki juu pamoja na limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, badala ya kuzama chini.)

Ila wewe una nafuu, umeuliza. Kuna hawa wa chupa za mitishamba wanaozunguka na karatasi ya "imethibitishwa maabara inaamsha kinga". Inaamsha ndiyo, tena sana! Majani yametoka shambani na bakteria wao, yamechemshwa, na endotoksini, sumu ya kwenye ukuta wa bakteria, haifi kwa kuchemsha, hata autoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) haiimalizi, vyombo vya glasi tunavichoma kwenye oveni kavu nyuzi 250 kwa nusu saa. Ukimwagia seli maji yenye endotoksini lazima ziwake, hata kama hayo majani hayana dawa yoyote ndani. Mmoja alikuja na grafu zake nzuri za rangi anataka nimsainie. Nikamuuliza, endotoksini ulipima? Akanijibu hiyo kwenye mchanganyiko wake hajaiweka.