Jibu: jedwali la saa za kuposti na biriani ya Ijumaa

Usilipe hiyo programu, dadangu. Umesema unapika biriani ya Ijumaa hapo Lamu mjini, oda zinakuja kwa WhatsApp na Instagram, umeuziwa jedwali la "saa bora za kuposti" linalosema Ijumaa saa 3 asubuhi, na sasa unataka kulipia mwaka mzima programu iwe inaposti yenyewe. Hilo jedwali ndilo litakalokula mtaji wako. Nalijua kwa pesa yangu.

Kwanza, saa 3 asubuhi za wapi? Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 11 jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa 10 jioni wakati wa joto, kwa kuwa wao hugeuza saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatugeuzi. Jedwali lisilotaja saa za nchi gani halifai hata kufungia bajia.

Na tuseme ni saa 3 ya Lamu kweli. Ijumaa saa hiyo mtu wa mtaa wako wa Mkomani keshajua mchana atakula nini: ama nyumbani nyama ishawekwa maziwa lala na viungo, ama kaagiza kwa mwingine tangu jana. Watu watapenda picha yako, watakuandikia "mashallah", na sinia zitabaki. Hapo ndipo wengi hudhani picha haikuwa nzuri wakaenda kununua taa. Picha haina kosa. Imefika watu wakiwa washaamua.

Wanaouza majedwali haya kwa jina la kozi wananiudhi sana. Wanachukua pesa ya mama anayepima mchele kwa kikombe, kisha akiuliza mbona oda haziji anaambiwa asubiri, algoriti, yaani ile mitambo ya Instagram inayochagua nani aone posti gani, bado inajifunza. Chungu kikishapakuliwa hakisubiri algoriti.

Shika hili moja: hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye sinia. Chakula kinaliwa watu wakitoka msikitini, tuseme saa 7 na nusu mchana. Kwa hiyo kijana wa kupeleka lazima aondoke mapema kidogo. Kwa hiyo chungu kiwe tayari saa 6 na nusu. Kwa hiyo nyama inunuliwe alfajiri, na kilo uzijue usiku uliotangulia. Basi oda zifungwe Alhamisi saa 4 usiku, na posti ya kwanza itoke Alhamisi hiyo hiyo saa 10 jioni, watu wakiwa na simu mkononi kabla ya maghribi. Ya pili, ya kukumbusha, saa 2 na nusu usiku, watu wametoka isha. Iandike wazi: bei ya sinia, namba ya kulipia, "oda zinafungwa saa 4 usiku". Ijumaa asubuhi weka picha ya chungu kama tu kuna sahani zimebaki, na useme ni ngapi.

Sasa kupanga posti kwenye simu, hapo pana mitego. Programu haijui saa ya Kiswahili. Ukiiandikia 3:00 ukidhani ni saa tatu asubuhi, itaposti saa tisa usiku. Saa 10 jioni andika 4:00 PM, saa 2 na nusu usiku andika 8:30 PM. Mtego mbaya zaidi ni wa siku. Sisi tukisema "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, siku inaanza maghribi. Kwa simu huo ni Alhamisi. Ukimwambia kijana anayekusaidia "iweke usiku wa Ijumaa", naye akagusa Ijumaa kwenye kalenda, tangazo litatoka biriani ishaliwa na sufuria zishaoshwa. Mwandikie tarehe kwa namba, kisha fungua uhakikishe mwenyewe.

Ukija kulipia matangazo ya Facebook na Instagram, tazama saa za eneo siku unayofungua akaunti ya matangazo. Chagua Nairobi. Ikibaki ya Los Angeles, siku ya bajeti yako itaanza saa 4 au saa 5 asubuhi yetu, na kubadilisha baadaye ni kufungua akaunti nyingine.

Stetasi ya WhatsApp hufa baada ya saa 24, ndiyo maana saa yake ina uzito kuliko posti ya kawaida ya Instagram, ambayo yaweza kumfikia mtu hata kesho yake. Kwa hiyo stetasi ndiyo ya kuanza nayo.

Pima wiki nne. Wiki mbili toa posti ya kwanza saa 10 jioni, wiki mbili saa 2 na nusu usiku peke yake, bei na picha usibadilishe. Daftarini andika kila oda na dakika iliyoingia. Usihesabu waliopenda, hesabu waliolipa. Ukiona zinaingia dakika za mwisho kabla ya kufunga, usisogeze saa ya kufunga mbele kuwafurahisha. Na Ramadhani ikifika anza hesabu upya kabisa, maana sinia linahamia maghribi na watu wako macho mpaka daku.