Tangazo la Kanuni Mpya Limefika: Majibu kwa Wasomaji Walio Marekani

Maswali mengi ya safari hii yanahusu jambo moja. Idara za serikali za majimbo huko Marekani zinatangaza rasimu za kanuni na kuomba maoni ya wananchi, na wenzetu wanaotunza wazee, wanaolea watoto, wanaosuka na wanaoendesha magari hawana hakika kama matangazo hayo yanawahusu. Yanawahusu sana. Nimechagua machache na kuyafupisha.

Nina nyumba ya kutunza wazee hapa Tacoma, wazee sita. Idara ya jimbo imenitumia karatasi inaitwa CR-102, kurasa nyingi, Kiingereza cha mahakamani. Nimeshtakiwa? Nitafute wakili? (Mama wa nyumba, Tacoma)

Pole kwa hofu, dada, lakini hakuna aliyekushtaki. CR-102 ni fomu ambayo idara yoyote ya jimbo la Washington huijaza inapotaka kutunga au kubadili kanuni. Fomu ziko tatu. CR-101 ni taarifa tu kwamba idara inafikiria kugusa jambo fulani. CR-102 inakuja na maneno yenyewe ya rasimu, tarehe ya kikao cha kusikiliza watu na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Ukiona CR-103, kanuni imeshapitishwa, na kwa kawaida itaanza kutumika siku 30 zikishapita tangu iwasilishwe.

Fomu hizi huchapishwa kwenye rejista ya jimbo inayotoka mara mbili kwa mwezi. Kati ya siku CR-102 inapochapishwa na siku ya kikao lazima zipite siku zisizopungua 20. Kwa mtu wa zamu za usiku siku 20 ni chache mno, kwa hiyo ifungue leo.

Usijichoshe na ukurasa wa kwanza, nenda moja kwa moja kwenye rasimu. Maneno yaliyopigiwa mstari kwa chini yanaongezwa. Yaliyokatwa kwa mstari, yakiwa ndani ya mabano mawili mawili, yanaondolewa. Kanuni za nyumba kama yako ziko hasa sura ya 388-76 ya kitabu cha kanuni za jimbo, na vifungu vya sura hiyo huanza na namba hiyo. Soma kwanza yaliyopigiwa mstari peke yake na utashangaa jinsi kurasa zilivyopungua.

Halafu tafuta hesabu ya gharama. Sheria ya Washington inaitaka idara ipime kanuni mpya itabebesha biashara ndogo mzigo gani, isipokuwa mzigo wenyewe ni mdogo tu, na biashara ndogo ni ile yenye wafanyakazi 50 au pungufu. Yaani wewe. Hapa unajua kuliko aliyeandika rasimu. Tuseme rasimu inadai mafunzo mapya ya saa nane kwa kila mfanyakazi. Nani atabaki na wazee kwa saa hizo nane, na atalipwa kiasi gani? Aliye makao makuu Olympia hana jibu hilo, wewe unalo kwenye daftari la mishahara. Liandike, lipeleke. Wakili wa nini hapo?

Na siku nyingine ukiona CR-101, usiipite. Wengi husubiri kikao, na kwa maoni yangu huko ni kuingia wakati wenzako wameshakula. Rasimu ikishaandikwa imepita mikononi mwa wakubwa kadhaa, na kuibadili kunawatia watu aibu. Kwenye CR-101 hakuna wa kuona aibu bado, na fomu ina jina na simu ya mtu wa kumpigia.

Mimi si raia, ombi langu la hifadhi bado liko mahakamani. Ninaruhusiwa kutoa maoni? (Asiye na haraka, Columbus)

Unaruhusiwa. Sheria hizi zinataja "mtu" au "mtu mwenye maslahi", hazisemi mpiga kura wala raia.

Ila elewa kwamba unachoandika kinaingia kwenye kumbukumbu za umma. Mtu yeyote anaweza kukiomba akisome, na idara nyingi huyaweka maoni wazi kwenye tovuti pamoja na jina la mwandishi. Kwa hiyo usiweke namba ya faili lako la uhamiaji, wala namba ya hifadhi ya jamii, wala ugonjwa wa mzee unayemtunza kwa namna ya kumtambulisha. Kwa mtu mwenye kesi kama yako, ningependa maoni yapite kwa jina la chama, kanisa au msikiti. Uzito wake haupungui, na jina lako linabaki nyumbani.

Huku Houston tumeambiwa hakuna kikao mpaka tufike watu 25. Ni kweli au tunafukuzwa kwa upole? (Katibu wa chama)

Ni kweli, ndugu katibu. Texas hutangaza rasimu kwenye rejista yake inayotoka kila Ijumaa, na idara lazima isubiri siku 30 kabla ya kupitisha. Maoni ya maandishi yanapokelewa bila masharti ya idadi. Kikao ndicho chenye sharti: kinakuwa lazima pale kinapoombwa na watu wasiopungua 25, au na chombo cha serikali, au na chama chenye wanachama wasiopungua 25.

Isome tena sehemu ya mwisho. Chama chenu cha kusaidiana kwenye misiba, kile kinachochanga fedha za kusafirisha mwili, kikiwa na wanachama 25 kwenye orodha, kinatosha chenyewe. Barua moja yenye muhuri wa katibu, imefika kabla ya muda kwisha, na idara inatafuta ukumbi.

Tuliandaa barua moja nzuri, watu wengi wakaituma vilevile ilivyo. Kanuni ikapita bila kuguswa. Kuna haja gani? (Aliyekata tamaa, Dallas)

Hasira yako naielewa, lakini mlipiga kura mahali ambapo hapakuwa na uchaguzi. Idara haihesabu mikono. Barua ileile ikija mara mia, ofisa anaiandika kama hoja moja, na kama hoja yenyewe ni "tafadhali msipitishe", hana cha kujibu.

Wingi peke yake umeshajiharibia jina. Mwaka 2017 tume ya mawasiliano ya serikali ya shirikisho ilipokea maoni zaidi ya milioni 22 kuhusu intaneti. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa New York ilipochunguza, ikaeleza mwaka 2021 kwamba karibu milioni 18 kati ya hayo yalikuwa ya uongo, mengi yakitumia majina ya watu ambao hawakujua lolote. Hiyo ilikuwa ngazi ya shirikisho, lakini hata maofisa wa majimbo wanaikumbuka.

Maoni yenye nguvu yanashika kifungu. Linganisha haya mawili. La kwanza: "Kanuni hii itatuumiza sisi wenye nyumba ndogo." La pili, tuseme: "Kifungu kidogo cha tatu kinataka wafanyakazi wawili wakeshe usiku bila kujali idadi ya wazee. Nyumba yangu ina wazee watatu, wote hulala mpaka asubuhi. Mfanyakazi wa pili atanigharimu kiasi hiki kwa mwezi. Naomba sharti lianze kwa wazee watano, au wa pili aruhusiwe kulala ndani ya nyumba akiwa tayari kuamshwa." Hilo la pili linampa ofisa tatizo, takwimu, na maneno anayoweza kuyachukua na kuyabandika. Kama anakataa, itabidi aseme kwa nini.

Ndiyo, itabidi aseme. Washington inailazimisha idara iandike muhtasari wa maoni iliyopokea na iyajibu, ikieleza jinsi rasimu ya mwisho ilivyoyazingatia au sababu ya kutoyafuata. Texas inataka sababu zilizofafanuliwa, pamoja na muhtasari wa maoni na sababu za idara kutokubaliana nayo. California, ambako muda wa maoni ni siku 45, inataka majibu pia. Ukikuta hoja yako nzito imerukwa kimya kimya, ukimya huo ni silaha ya kwenda nayo mahakamani, maana jaji hupitia kumbukumbu zilezile kuona kama idara ilifuata utaratibu na ilitumia akili. Huko Washington na Texas pingamizi la kusema utaratibu haukufuatwa lina muda wa miaka miwili.

Kwa hiyo watu wako wasitume barua moja. Kila mmoja aandike nusu ukurasa wa yanayomkuta yeye.

Hii si ileile ya ushirikishwaji wa umma tuliyoiacha Kenya? (Mkenya wa Minneapolis)

Ni ndugu wa mbali. Kenya jambo hili limepandishwa mpaka kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 10, na sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni inasema kanuni isiyofikishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa inakufa. Majimbo mengi ya Marekani hayana maneno makubwa ya kikatiba juu ya hili, yana sheria za kawaida, kila jimbo na yake, na kazi yote iko kwenye tarehe na fomu. Huko kwako Minnesota, kwa mfano, idara lazima iandike maelezo ya kwa nini kanuni inahitajika na kwa nini ni ya busara, muda wa maoni ni siku 30, na watu 25 wakiomba kikao, kinasimamiwa na jaji wa masuala ya utawala, mtu asiye wa idara hiyo.

Kwenye kujibiwa ndipo ninapoona tofauti kubwa. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwenye kesi ya sheria ya fedha ya 2023, haikukubali kwamba Bunge linalazimika kutoa sababu za kukubali au kukataa maoni ya wananchi. Najua ule ulikuwa mswada na hizi ni kanuni. Bado ningechagua kujibiwa.

Idara imeweka kanuni ya dharura usiku, asubuhi tunaambiwa tufuate. Hilo halali? (Mlezi wa watoto, Spokane)

Linaweza kuwa halali, dada, ikiwa idara imeandika sababu ya haraka hiyo. Lakini huko Washington kanuni ya dharura inaishi siku 120. Texas pia 120, na inaweza kuongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 60. Zihesabu siku kwenye kalenda, kwa sababu idara ikitaka kuifanya ya kudumu lazima ipite njia ya kawaida, na hapo utakuwa na miezi ya ushahidi mkononi.

Kiingereza changu cha kuombea maji. Nitasimamaje kwenye kikao? (Bibi wa wajukuu watano, Kent)

Shikamoo bibi. Tangazo lina jina na simu ya mtu wa kuomba msaada. Mpigie mapema, uombe mkalimani wa Kiswahili na useme ni cha wapi, cha Kongo au cha pwani. Dakika utakazopewa ni chache, mara nyingi mbili au tatu, kwa hiyo sema jambo moja tu. Maandishi ya mjukuu wako yana uzito uleule na maneno ya mdomoni, hata sarufi ikiyumba.

Mkaguzi anasema kusuka kunahitaji leseni ya urembo. Nimeuliza ni kanuni ipi, akasema ni mwongozo wa ofisi. Nifanyeje? (Msusi)

Muulize kwa maandishi: ni sheria ya bunge, ni kanuni, au ni mwongozo? Sheria ya bunge la jimbo ikisema leseni, basi ni leseni, na dawa yake ni kwa wabunge, kama Texas ilivyofuta leseni ya kusuka kwa sheria ya 2015. Kama ni kanuni, ina namba. Mwongozo ambao haukupita kwenye tangazo na maoni, Washington inasema ni ushauri tu.

Ila ushauri unakata pande mbili. Idara ya leseni ya Washington iliwahi kueleza kwamba wasusi wa kiasili hawahitaji leseni ya urembo. Kwa kuwa maelezo hayo hayakuwa kanuni, wakaguzi walikuja kudai leseni hiyohiyo baadaye, mpaka msusi mmoja mhamiaji kutoka Afrika akafungua kesi mwaka 2014, na msamaha ukaandikwa kwenye kanuni.

Na huhitaji kusubiri mkaguzi au kesi. Huko Washington mtu yeyote anaweza kuiandikia idara ombi la kutunga, kubadili au kufuta kanuni. Idara ina siku 60 za kuanza kazi hiyo au kukataa kwa maandishi yenye sababu. Ikikataa, una siku 30 za kukata rufaa kwa gavana, naye ana siku 45 za kukujibu.