Unanawa Mikono kwa Ajili ya Nani?

Wadogo zangu mnaoanza wodi, karibuni. Wengi wenu mkiulizwa kwa nini mmechagua kazi hii mnajibu "wito", na anayethubutu kujibu "mshahara" anatazamwa kama kakosea jengo. Jibu lenyewe halinishughulishi sana, maana siku ya utambulisho mdomo husema lolote. Mimi natazama mikono, chati na fomu. Hapo ndipo mtu anapoonyesha anamfanyia nani kazi, na hapo ndipo kila kundi jipya linaporudia makosa ya kundi lililotangulia, kana kwamba yamo kwenye mtaala. Nayaandika ili nipumzike kuyasemea koridoni.

1. Hesabu "kabla" zako

Yale matukio 5 ya kunawa mikono ya Shirika la Afya Duniani mnayakariri vizuri: kabla ya kumgusa mgonjwa; kabla ya kazi safi kama kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani) au kufunga kidonda; baada ya kugusana na majimaji ya mwili; baada ya kumgusa mgonjwa; baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Sasa yapangeni kwa kuuliza nani anafaidika. Mawili ya kwanza ni ya mgonjwa. Matatu yaliyobaki yanakulinda wewe, na kupitia kwako yule wa kitanda kinachofuata.

Simama pembeni utazame. "Baada" zinafanyika bila kuhimizwa, hasa pakiwa na damu au matapishi. Zinazorukwa ni "kabla". Intani anavuta pazia, anashusha reli ya kitanda, anavaa glovu juu ya mikono hiyo hiyo, anapapasa mshipa. Anasafisha ngozi kwa spiriti, kisha anapapasa tena palepale alipotoka kusafisha, eti ahakikishe. Akimaliza ananawa hadi viwikoni. Hapo huwezi kusema hajui. Anajua, ila kinachomsukuma ni woga wa kujichafua, na woga huo hauna kazi pale ambapo anayeweza kudhurika ni mwingine.

Watafiti Adam Grant na David Hofmann walilipima jambo hili katika hospitali moja ya Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Juu ya vifaa vya sabuni na jeli walibandika mabango. Moja lilisema kunawa kunakukinga wewe na magonjwa, jingine kwamba kunawakinga wagonjwa. La "wewe" halikubadilisha chochote. La "wagonjwa" liliongeza matumizi. Nadhani kila aliyekaa wodini anaelewa kwa nini. Tukishazoea tunajiambia "muda wote huu mbona sijaugua", kwa hiyo kututisha kwa afya yetu ni kupoteza karatasi. Kuhusu mgonjwa huwezi kujidanganya hivyo, kwa sababu amelala mbele yako na mshono wake bado mbichi.

Jeli ni sekunde 20 hadi 30, mpaka ikauke yenyewe. Sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa anaharisha kwa sababu ya Clostridioides difficile, nenda kwenye sinki, maana spiriti iliyomo kwenye jeli haiui spora za bakteria huyo, yaani umbo lake gumu la kujihifadhi. Glovu haichukui nafasi ya kunawa. Hilo tumemaliza.

2. Kutaka mshahara si dhambi

Dai posho yako. Jaza fomu ya saa za ziada kabla mwezi haujafungwa, na ukijibiwa "kazi hii ni wito" kila unapouliza malipo, uliza tena. Watafiti Stuart Bunderson na Jeffery Thompson waliwachunguza watunzaji wa wanyama katika bustani za wanyama na kuchapisha utafiti wao mwaka 2009. Wale waliohisi kazi yao ni wito waliiona ina maana zaidi, lakini pia ndio waliokuwa tayari kuachia malipo, muda na starehe zao. Mwajiri mjanja akilijua hilo, basi tena. Na aliyedhulumiwa kimyakimya hasira yake haimfikii mkurugenzi. Inamwangukia mgonjwa anayeomba chombo cha haja saa nane usiku.

3. Tamaa ya jina ndiyo mbaya kuliko ya pesa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watoto wazuri, wenye huruma ya kweli, wanapoumiza watu.

Chukueni kosa la insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu. Daktari ameandika "4U", yaani yuniti 4, kwa haraka, ile U ikafungika juu, ikasomeka 40. Aliye zamuni anavuta yuniti 40 za insulini ya haraka, anachoma, anaweka alama ya tiki. Anapofunga chati jicho linarudi pale. Siyo sifuri.

Tazameni kinachofuata. Insulini ya aina hiyo huanza kufanya kazi ndani ya robo saa hivi, hupanda kileleni kati ya saa moja na mbili, na huweza kubaki na nguvu hadi saa tano. Maana yake, wakati huo mgonjwa bado anaongea, anacheka na jirani yake, sukari haijaanza kushuka. Kosa likisemwa hapo linashikika. Lakini kijana wetu hamfikirii mgonjwa tena. Anaisoma chati mara ya tatu akiomba igeuke kuwa 40 kweli. Anakumbuka nani alikuwa karibu. Anafikiria raundi ya asubuhi, tathmini yake, na yule bingwa asiyesahau. Halafu anapata ile sentensi inayowaponza wengi: "Ngoja nimwangalie kwanza, akibadilika nitasema."

Anamwangalia kweli. Anampelekea chai yenye sukari nyingi bila kumpima, bila kuandika. Anapita kitandani kila mara, anamgusa paji la uso, anamrekebishia shuka. Ukimwona kwa mbali utasema huyu ndiye muuguzi wa mfano, na pengine kuna mwenzake anayemsifia. Chai inampandisha mgonjwa sukari kwa muda, insulini inaendelea. Zamu inabadilika. Kwenye makabidhiano anasema "huyu yuko vizuri", kwa kuwa akitaja chai itabidi ataje na sindano. Anayepokea hana sababu ya kupima sukari kabla ya saa iliyopangwa. Mgonjwa anatokwa jasho, anaanza kuongea ovyo, kisha ananyamaza, na wa jirani wanashukuru kwamba leo kalala mapema.

Kusoma 40 badala ya 4 kunaweza kumtokea yeyote aliyechoka chini ya taa hafifu. Yaliyofuata yote yalifanywa na mtu mwenye macho mazima, akilinda jina.

Ukijikuta hapo, fanya hivi. Mgonjwa kwanza: pima sukari papo hapo. Mwite inchaji (msimamizi wa wodi) na daktari, useme kwa namba: "Nimempa yuniti 40 badala ya 4, saa 2:10 usiku, sukari yake sasa hivi ni kadhaa." Usianze na "samahani, kulikuwa na mkanganyiko fulani", mkanganyiko hautibiki. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L na anameza vizuri, mpe gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, upime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza usimmiminie chai mdomoni. Huyo ni wa glukosi kwenye mshipa. Na hata kipimo cha kwanza kikiwa kizuri, dozi kubwa hivyo inahitaji kufuatiliwa kwa saa kadhaa, kwa ratiba atakayoweka daktari. Kwenye chati andika kilichotolewa, siyo kilichopaswa kutolewa. Kisha fomu ya tukio, zamu hiyohiyo.

Kinga yake ni fupi: neno "yuniti" liandikwe lote, insulini ikaguliwe na watu wawili, na dozi ikikushangaza simama uulize.

Msidhani ni udhaifu wa wageni tu. Vienna, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi wake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wajawazito, kwa kuwa walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Vifo vya kina mama katika kliniki hiyo vilishuka kutoka zaidi ya 18 kwa kila 100 mwezi Aprili hadi karibu 2 mwezi Juni. Bado wakubwa wengi wa tiba hawakumkubali. Kumkubali kulimaanisha kukiri kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa inaua, na mtu mwenye jina kubwa hilo humkaa kooni kuliko mtu mwingine.

4. Uliza aliishiaje

Mgonjwa akihamishwa wodi, mfuatilie hata kwa simu moja. Grant huyohuyo, katika utafiti wa mwaka 2007, aliwakutanisha kwa dakika chache wapiga simu wa kuchangisha fedha za chuo na mwanafunzi mmoja aliyenufaika na michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umezidi mara mbili. Hakuna aliyewaongezea mshahara. Wa maabara na stoo ya dawa, ambao hawamwoni mgonjwa kabisa, wapelekeeni habari njema pia. Huwa tunawakumbuka majibu yakichelewa tu.

5. Shujaa wa wodi

Kila kundi lina mmoja. Haendi likizo, anaunganisha zamu, anasema "nisipokuwepo mimi hapaendi", na ukweli ni kwamba hapaendi, kwa sababu nusu ya taarifa za wagonjwa iko kichwani mwake. Tunamwita mwenye moyo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu uchovu wa aina hii kwa watu wa kliniki za bure, waliojitolea kwa moyo wote: wanazidisha saa za kazi huku kazi yenyewe ikipungua, halafu wanaanza kuwakebehi walewale ambao wao walikuja kuwasaidia. Mkimsikia shujaa wenu anawaita wagonjwa "wasumbufu", mwondoeni zamu ya kesho, msimpe cheti cha pongezi.

Kabidhi zamu kando ya kitanda: hali ilivyo sasa, historia kwa kifupi, wewe unaonaje, nini kifanyike na saa ngapi. Mwambie anayepokea akurudishie dozi na vipimo vinavyosubiriwa kwa maneno yake. Akikosea, rekebisha. Akipatia, saini, vua koti, nenda kalale. Naye amesomea.