Usioshe chumvi na maji ya bomba: kwa mnaoanza kazi huku Gongoni

Wadogo zangu mnaoingia mashamba ya chumvi huku Gongoni na Marereni, pwani ya Kilifi, wiki yangu ya kwanza niliambiwa nisuuze chumvi iliyoshika tope, mi nikachota maji ya bomba nikamwagia lundo, tope likatoka na chumvi ikaenda nalo, nikakatwa pesa ya siku hiyo na hakuna aliyenieleza nimekosea wapi. Ndo maana nawaambia mapema.

Kinachotuchanganya ni hili neno kuyeyuka. Barafu inayeyuka kwa joto, chumvi nayo twasema imeyeyuka, lakini kuiyeyusha chumvi kwa moto wataka digrii 801, na kwenye kikombe cha maji ya kawaida inaisha dakika chache tu. Ni kwa sababu punje ya chumvi ni ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme: za sodiamu zenye chaji chanya na za kloridi zenye chaji hasi, zimebanana kwa mpango, na molekuli ya maji nayo ina upande wa oksijeni ulio hasi kidogo na upande wa haidrojeni ulio chanya kidogo. Basi maji yakifika yaizunguka sodiamu kwa oksijeni, kloridi kwa haidrojeni, yazing'oa moja moja kuanzia nje mpaka punje imekwisha. Haijapotea jamani, imetawanyika, maji yakikauka utaikuta.

Zile ayoni zikiwa huru zinapitisha umeme, kwa hivyo wewe uliyelowa miguu kaa mbali na waya wa pampu uliochubuka, hili nalisema kwa uchungu.

Sasa maji nayo yana kiasi. Lita moja inabeba kama gramu 360 za chumvi hivi, zaidi ya hapo inatuama chini, na hata uyachemshe haizidi sana, si kama sukari. Bahari yetu ina gramu 35 hivi kwa lita, ndo tunaachia jua na upepo wapunguze maji mpaka yashibe, chumvi ianze kuganda.

Na maji yaliyoshiba hayachukui zaidi. Ayoni zikitoka kwenye punje, nyingine zinarudi kwa kasi ileile. Kwa hivyo ukitumwa kusuuza, chota maji kwenye kidimbwi ambacho chumvi imeanza kuganda, mwagia hayo, tope litaondoka na mzigo wako utabaki.